Kalenda Yenye Alama Nyekundu

Mume wangu aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kalenda ya parokia, akaikunjua mbele ya wazee wa ukoo wao...

Ya kwetu jikoni haina hata doa. Hii sikuwahi kujua kama ipo.

Ilikuwa imejaa alama nyekundu.

"Kila penye alama," Wolfgang alisema bila kunitazama, "siku hiyo mke wangu hakuwa mtu."

Jamani, naitwa Fransiska. Nimezaliwa Maretadu, nimeolewa karibu na Dongobesh, nina watoto watatu. Naandika hii nimechoka, mtanivumilia.

Natamani ningesema alinisingizia. Hapana. Kila mwezi zilikuja siku matiti yanauma, tumbo linajaa, usingizi unakatika. Mtoto akimwaga maziwa namfokea, kisha naenda nyuma ya zizi nalia. Kuna siku nilimrushia Wolfgang mwiko!

Halafu yanatulia, naona aibu, naomba msamaha. Mwezi ujao, yale yale.

Na msidhani nilikaa tu. Nilinunua mnadani unga wa mizizi, eti unasawazisha homoni. Niliharisha siku mbili.

Mama mkwe akanishauri magadi: yeyusha kwenye maji ya moto, kunywa, gesi itatoka. Nikanywa asubuhi na jioni. Kitu cha asili, kina ubaya gani? Nikavimba hadi viatu vikanikataa...

Sasa kikao. Wakwe zangu waliomba jambo moja tu, nirudishwe Maretadu hadi hasira ziishe, na watoto wabaki. Mdogo ana miaka miwili na nusu.

Baba mkubwa Sulle, aliyesimamia kikao, akaniuliza kama nina neno. Unafika mahali unachoka hata kujitetea.

Kalenda ikapita mkono kwa mkono, ikafika kwa mama mkwe, Konsolata. Huyu ndiye aliyeitisha kikao, mjue.

Akaangalia Machi. Akafunua Aprili, akafunua Mei. Akawa anahesabu kwa kidole, midomo inacheza.

Ghafla akainuka, akanivuta mkono hadi jikoni, kalenda kwapani. Aliyotaka kuniuliza hayasemwi mbele ya wanaume wazima.

"Siku zako za mwezi huanza lini?"

"Mama?"

"Si baada ya hizi alama?"

Nikatazama. Alama tano, sita, kisha siku nyeupe. Mwezi baada ya mwezi! Nimeishi na mwili huu miaka thelathini na moja na sikuwahi kuona.

"Zikishaanza tu, natulia," nikasema.

Mama akakaa kwenye kigoda.

"Mimi nilirudishwa kwetu mara mbili," akasema. "Waliniambia ni kiburi, nikaamini. Nikaamini na wewe unacho."

Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, nami nikalia naye.

Tuliporudi aliwaambia wazee kwamba kikao kimeisha, naenda kutibiwa. Baba mkubwa akauliza ni ugonjwa gani. Mama akajibu ni wa wanawake, na wazee wote wakatazama chini.

Kesho yake tukaenda zahanati. Nesi Judith alinisikiliza, akasema nikaandike dalili zangu miezi miwili ndipo nirudi. Mama akaweka kalenda mezani. Miezi minane!

"Dada, hii ni kazi nzuri," nesi akasema. "Nani kakuandikia?"

"Mume wangu. Alikuwa ananishtaki."

Akanieleza kwamba mwili hubadilika kabla ya siku, na wengine wetu huumia zaidi. Unga wa mnadani nisirudie. Magadi niache, nayo ni jamii ya chumvi, yanaweza kuongeza kuvimba. Nipunguze chumvi ya chakula na chai ya jioni, nisikose maziwa na mboga, nilale mapema, niweke kitambaa cha moto tumboni, nitembee kila siku. Na ikizidi, au nikiona sitaki tena kuishi, nisikae nyumbani, nirudi haraka, matibabu yapo.

"Mbona natembea kila siku na ndoo ya maji kichwani?"

"Tembea bila ndoo," akasema.

Siku hizi anayechota maji ni Wolfgang. Aliniomba msamaha mbele ya mama yake, akiwa anatazama viatu vyake. Nimemsamehe nusu, nusu bado. Sitawadanganya.

Wala sijapona kabisa. Mwezi huu siku mbili zilikuwa mbaya. Nilimwambia mapema, akawapeleka watoto kwa bibi yao, nikalala.

Ile kalenda sasa iko ukutani jikoni, kalamu nimeifunga kwa uzi pembeni, na alama naweka mwenyewe.

Dada zangu, andikeni siku zenu wenyewe. Mimi nilichelewa, akaniandikia mtu mwingine, na nusura ninyang'anywe watoto.