Doa Chini ya Tuta

Kila Ijumaa alasiri, kabla hata ya kuvua sare za shule, Msanii alichukua simu ya baba yake na kupanda njia ya mawe iliyokwenda bwawani. Jina hilo la Msanii alibandikwa na wanafunzi wenzake kwa sababu ya picha zake za mandhari. Mpe simu na kilima kikavu, naye atakurudishia kilima cha kijani chini ya mawingu meupe kama pamba. Nyaya za umeme alizifuta. Takataka alizifuta. Hata mbuzi aliyesimama vibaya hakusalimika.

Baba yake alikuwa mlinzi wa bwawa lililoupa mji wote maji. Kila wiki alitakiwa kusimama kwenye jiwe lililopakwa chokaa, kupiga picha ya tuta, yaani ule ukuta mnene wa udongo unaozuia maji, kisha kumtumia mhandisi aliyekuwa ofisini mbali. Sasa baba alikuwa ameteleza akavunjika mguu. Alishinda kwenye kibaraza cha nyumba ya mlinzi, mguu ndani ya plasta, na ile njia ya mawe haikupandika kwa magongo.

"Wewe ndiye macho yangu," alimwambia binti yake. "Simama pale pale kwenye jiwe, piga, tuma. Basi."

"Usiwe na wasiwasi, baba."

Siku ya kwanza jua lilikuwa zuri na maji yametulia. Kasoro ilikuwa moja tu. Chini ya tuta palikuwa na doa jeusi la tope, kubwa kama mkeka wa mtu mmoja. Lilimkera Msanii kama nzi kwenye chai. Akakaa juu ya jiwe, akafungua programu ya kuhariri picha, akalipitishia doa kidole mpaka likatoweka. Akakoleza kijani cha nyasi, akang'arisha anga, akatuma.

Mhandisi alijibu, "Picha safi sana. Asante."

Baba naye aliitazama picha, akacheka. "Kumbe nafanya kazi mahali pazuri hivi! Nami nalalamika kila siku." Msanii aliona kichwa kinataka kupasuka kwa furaha.

Ijumaa iliyofuata doa lilikuwa limetanuka, na nyasi juu yake zimelala. Msanii alilitazama kwa muda mrefu. Akilitaja, ataulizwa mbona halimo kwenye picha iliyopita. Akaona heri yaishe. Akalifuta.

Safari iliyofuata alikuta maji yakichuruzika kutoka kwenye udongo, membamba, yenye rangi ya chai ya maziwa. Alijua sasa kwamba hili si tope la kawaida, ni maji ya bwawa yanayopenya ndani ya tuta, na alijua pia kwamba kila picha aliyotuma ilimfunga mdomo zaidi. Alilifuta kwa haraka, bila kufurahia hata kidogo, akashuka bila kugeuka nyuma.

Kesho yake alikuja Shangazi, dada wa baba, aliyeishi bondeni chini ya tuta pamoja na mapacha wake wadogo. Alikuwa na matope mpaka vifundoni.

"Kaka, uani kwangu kumelowa. Mvua haijanyesha, bomba sina. Haya maji yanatoka wapi?"

Baba hakupenda alichokisikia. Alimpigia mhandisi simu akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Nimezipanga picha zote hapa mbele yangu," alisema mhandisi, kwa sauti ya mama mtulivu. "Tuta ni kavu, halina hata ufa. Mwambie dada yako aangalie bomba la jirani. Gari letu liko upande mwingine, nitapita wiki ijayo."

"Umesikia mwenyewe," baba alimwambia Shangazi. "Na picha hizo amepiga mtoto wetu kwa mkono wake."

"Kama ni huyu, mimi nina wasiwasi wa nini?" Shangazi alimpapasa Msanii kichwani. "Ngoja nirudi jikoni, mapacha watanila mimi mzima mzima."

Akainuka. Msanii alimwona akifunga kanga kiunoni, akamwona pia katika mawazo yake ameinama mbele ya jiko, na tuta limesimama nyuma yake.

"Shangazi, usirudi!"

Wote wawili wakageuka.

"Baba, zile picha... nimezibadilisha. Kuna tope chini ya tuta. Nilikuwa nalifuta."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza. Na sasa panatoka maji machafu."

Uso ulimsawajika baba. Alimpigia tena mhandisi, akamweleza.

"Apande sasa hivi apige," alisema mhandisi. "Asiguse kitu kwenye hiyo picha."

Msanii alikimbia. Aliteleza, akachubuka goti, akasimama kwenye jiwe akihema. Picha ilitoka imepinda, na kidole chake kimeziba pembe moja. Lakini doa lilikuwemo lote, na maji yakitoka katikati yake. Akaituma hivyo hivyo. Alipofika nyumbani na kumrudishia baba simu, mhandisi alikuwa tayari anapiga.

"Fungua lango la kupunguzia maji! Walio bondeni wote watoke, wasibebe kitu!"

Shangazi alishatoka mbio, akiita majina ya mapacha na kuwapigia majirani kelele watoke, kabla hajafika hata nusu ya njia. Baba alijikokota mpaka kwenye gurudumu la lango, pembeni mwa nyumba. Akalizungusha akiwa amesimama kwa mguu mmoja, Msanii akisukuma upande wa pili, huku machozi yakimtiririka.

Malori ya kokoto na mifuko ya mchanga yalifika jioni ile ile. Mafundi walijaza chini ya tuta, na maji ya bwawa yakaendelea kushuka. Tuta lilishika. Lakini kabla halijashika, maji yalibubujika kwa nguvu yakachimba msingi wa jiko la Shangazi, na ukuta mzima ukaanguka juu ya mafiga. Hapakuwa na mtu ndani.

Baba aliandikiwa onyo kazini, na Msanii angeona afadhali achapwe yeye. Mhandisi alipokuja kukagua tuta, alimkalisha Msanii kibarazani.

"Kupamba picha si kosa," alimwambia. "Picha ya kutundika ukutani ipambe utakavyo, na uwaambie watu umeipamba. Lakini hii ilikuwa picha ya kazi. Mimi niko mbali, sioni. Naamua watu wabaki au wahame kwa kile unachonionyesha. Lile doa uliloliona baya ndilo nililokuwa nalitafuta."

Kuanzia hapo Msanii alishuka bondeni kila akitoka shule, kubeba matofali ya jiko jipya. Shangazi alimwitikia salamu, basi. Siku ukuta ulipofika kifuani, ndipo alipoweka mwiko chini.

"Siku ile niliinuka kurudi jikoni kwa sababu niliambiwa picha umepiga wewe," alisema. "Sikuuliza swali la pili. Mtu akiaminiwa hivyo, mwanangu, amebeba roho za watu. Kosa lako ulilisema kwa wakati, ndiyo maana naongea nawe leo. Lakini nataka siku nyingine nikisikia ni wewe uliyepiga, nirudi kupika bila hofu."

"Nimekosa, Shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kukuamini tena, hilo tutalijenga pole pole." Akauokota mwiko. "Haya, lete tofali."

Msanii akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akainama, akalibeba.