Tangi Juu ya Mshonaji

Ndugu zangu, haya yalitokea nyumbani kwangu. Aliyetaka kuyaficha ni mume wangu, na mimi nilimsaidia kwa kunyamaza. Sisemi ili nimwaibishe. Nasema kwa sababu hofu ya siku ile haijanitoka.

Alasiri ile nyumba ilikuwa imetulia. Binti yetu alikuwa akifanya hesabu zake za shule, mimi nikikunja nguo barazani, na huko nyuma ya jiko mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akipiga mluzi huku akibana bomba kwenye jiliwa, kibano cha chuma kilichofungwa mezani. Mara tukasikia kishindo. Nilipofika, meza ya karakana ilikuwa imelala ubavu, mguu mmoja umeng'oka, na lile jiliwa zito limeangukia karibu kabisa na vidole vyake. Hakuumia. Lakini hakuwa na habari na vidole. Alikuwa ameinama, anatazama mahali mguu ulipong'okea. Chuma kilikuwa safi, kama kioo kilichobanduliwa stika. Uso wake ulikuwa umesawijika.

Hapa lazima niwarudishe nyuma. Miezi mitano kabla ya siku hiyo alipunguzwa kazi gereji, akaamua kufungua karakana nyumbani. Tulikwenda wote dukani kuchagua mashine ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, ipumzishe ile yake ya zamani ya kuchomelea kwa vijiti. Muuzaji, mama mmoja mtaratibu, alimuuliza atachomelea chuma cha unene gani, na umeme wa nyumbani unahimili mzigo kiasi gani. Mume wangu akajibu kwamba yeye ana miaka ishirini kazini, hahitaji darasa. Akachagua ndogo kuliko zote, kwa kuwa ilichomekwa kwenye soketi ya kawaida na hakutaka kusubiri fundi umeme aje kuvuta waya mzito. Yule mama alisema polepole kwamba hiyo ni ya mabati na mabomba membamba. Kwenye chuma kinene itapaka juu tu, haitashika ndani. Nilimsikia vizuri. Nikaangalia pembeni, maana sikutaka ugomvi mbele ya watu.

Na mashine ilimpa sifa. Mshono wake ulitoka laini, watu wakipitisha kidole na kusifu. Alitengeneza meza yake, mageti mawili, na mnara wa tangi la maji kwa jirani yetu tunayemwita Mama Cherehani. Mnara wa miguu minne, na juu yake tangi la lita elfu moja. Chini ya mnara huo ndipo mshonaji yule alipoweka cherehani yake, kwa sababu ndipo penye kivuli.

Basi nilipouona ule mguu wa meza, nilimuuliza mume wangu kama mnara wa jirani ulichomelewa kwa mashine ileile. Akasema ule ni tofauti, nisiwe na wasiwasi. Hakunitazama alipokuwa akisema.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Cherehani nikijifanya nataka kupunguziwa gauni. Nilimkuta ameketi palepale, mguu kwenye pedali, anaimba. Akanivutia kigoda niketi naye kivulini. Nikaketi, ndugu zangu. Nikainua macho. Kwenye maungio ya mguu mmoja kulikuwa na mstari mwembamba wa kutu, mwembamba kama uzi, na maji ya tangi yalipotikisika juu niliusikia mnara ukilia, kidogo tu. Nilimwomba tukaongelee ndani, akacheka, akasema ndani kuna joto. Sikuweza kumwambia. Nilikimbia nyumbani kama mwizi.

Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Nitaurudia Jumapili, akienda kanisani. Kimya kimya. Hili likijulikana, nani ataniletea kazi tena?"

"Leo ni Jumatano, baba watoto," nikamwambia. "Mimi naenda kumwambia sasa hivi. Ukitaka, baki."

Nilishafika njiani nilipomsikia nyuma yangu. Na tulipofika, alisema mwenyewe. Alimwomba Mama Cherehani atoke pale, akamweleza kwamba alichagua mashine isiyo na nguvu ya kazi ile, kwamba alionywa na hakusikia, na kwamba tangu jana alijua.

Mshonaji alisimama, akatoka chini ya mnara. "Tangu jana, shemeji?" akauliza. "Na jana nilikuwa na wajukuu wangu hapa."

Mume wangu alinyoosha mkono akafungua koki ili tangi lipungue, kisha akarudi nyuma. Maji yakaanza kumwagika, ardhi chini ya miguu ya mnara ikalowa na kulainika. Ndipo Mama Cherehani alipokumbuka vitambaa vya wateja, akarudi kuvichukua. Nilisikia ule mlio tena, safari hii mrefu. Mume wangu alimrukia, akamvuta kwa mkono, wote wakaanguka matopeni. Mnara ukapinda goti, tangi likashuka juu ya cherehani.

Cherehani haikufaa tena. Mama Cherehani aliteguka bega, na kwa wiki nyingi hakuweza hata kuchana nywele zake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchana, kila asubuhi, tukiwa hatusemezani sana.

Mume wangu alizunguka kwa kila aliyemtengenezea kitu, akikiri na kubomoa. Wateja wengine walimkimbia, kama alivyoogopa. Mashine ndogo sasa ni ya mabati tu. Chuma kinene anakichomelea kwa vijiti. Na Mama Cherehani, popote anapoalikwa kuketi, hutazama juu kwanza.

FUNZO

Ukichagua chombo cha kazi, kichague kwa kazi yenyewe, si kwa haraka wala kwa majivuno, na anayekuuliza maswali dukani hakudharau. Ukishajua umekosea, mwambie aliye hatarini siku hiyohiyo. Na wewe uliyesikia onyo ukanyamaza ili kulinda amani ya nyumba, kosa ni lako pia. Mimi nalijua langu.