Tovuti Iliyojulikana Ng'ambo Tu

Fundi Soli alikuwa akipaka gundi wakati simu ya mkewe ilipolia. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza viatu vyenye soli nene upande mmoja, vya watu ambao mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Mkewe ndiye aliyepima miguu na kusoma ujumbe uliotoka kwenye tovuti yao.

"Mteja?" aliuliza Fundi Soli.

"Wa ng'ambo. Anauliza kama tunatengeneza viatu vya farasi."

"Mwambie amlete tumpime!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini moyoni mke hakuwa na raha. Karibu kila aliyewaandikia alitoka nchi za mbali. Nani atavuka bahari kuja kupimwa mguu?

Asubuhi hiyo mama mmoja alikuwa akipita na binti yake. Aliona viatu dirishani, akasimama ghafla.

"Jamani, hivi vinatengenezwa hapa?"

"Ndiyo, dada. Karibuni."

Mama alijitupa kitini. "Mimi naishi mtaa wa pili! Nimetafuta mtandaoni mpaka macho yakauma. Nikaletewa maduka ya ng'ambo tu. Nikamwagizia huyu binti yangu huko. Viatu vimekuja, soli nene iko mguu usio wake!"

"Nilitembea kama meza mbovu," binti akasema.

Mke alimpima huku akicheka naye. Walipoondoka, akampigia simu wifi yake, dada wa Fundi Soli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti.

Wifi alifika, akafungua tovuti yao, akaguna.

"Kaka, nani aliandika 'Tunahudumia dunia nzima'?"

"Mimi. Ilisikika vizuri."

"Dunia nzima, na kiti cha kupimia ni kimoja!"

Fundi Soli alijifanya anatafuta nyundo.

"Sikilizeni," wifi akaendelea. "Mtu akitafuta kitu, mtambo wa kutafuta huangalia pia yuko nchi gani. Mara nyingi humwonyesha kwanza tovuti zinazohusu nchi hiyo. Yenu haisemi popote kwamba iko hapa. Itajulikanaje?"

"Tufanyeje, wifi?" mke akauliza.

"Kwanza, tuchukue anwani ya tovuti inayoishia na herufi za nchi yetu. Ile ya zamani nitaielekeza kwenye mpya, wanaoijua wasipotee. Pili, tuandike mji, mtaa, na simu yenye namba ya nchi. Bei ziwe kwa pesa yetu. Halafu, mbona mmeandika kwa lugha ya kigeni tu? Wateja wa hapa husemaje?"

"Husema 'viatu vya mguu mfupi'."

"Basi tuandike hivyo hivyo. Karakana tuiweke kwenye ramani ya mtandaoni. Na wanaowafahamu humu nchini, kama hospitali au chama cha wazazi, waombeni waitaje tovuti yenu kwenye tovuti zao."

Fundi Soli alikohoa. "Kuna jamaa kaniahidi kwamba watu wakitafuta mtandaoni, sisi tutatokea wa kwanza ndani ya wiki moja."

"Mkimbie! Hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza. Kazi hii inataka subira."

Walianza siku ile ile. Wifi alibadilisha anwani. Mke aliandika kurasa upya, kwa maneno ya wateja wenyewe. Fundi Soli alipiga picha za karakana, nyingine zikiwa na kidole chake. Mtaalamu wa viungo wa hospitali ya mji alikubali kuitaja tovuti yao.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Fundi Soli akaanza kununa. Kisha simu moja ikalia kutoka mji wa jirani, na nyingine kutoka mpakani. Baada ya miezi michache, kitabu cha miadi kilijaa watu wa nchini.

Mmoja wao alikuwa bibi harusi mtarajiwa. Alisafiri na baba yake. Alitaka viatu vyeupe, na soli isiyoonekana chini ya gauni.

Siku ya kuvijaribu, alisimama, akashika ukingo wa meza. Kisha akauachia. Akatembea hadi mlangoni, akageuka, akarudi akitingisha mabega kama yuko ukumbini tayari.

"Baba, nimelingana!"

Baba yake alifuta macho kwa kofia. "Fundi, unajua kucheza muziki?"

"Hata kidogo."

"Jifunze upesi," alisema baba. "Wewe na mkeo mmealikwa."

Fundi Soli aliweka nyundo chini. Mkewe alikuwa ameshamshika mkono, akimwonyesha hatua ya kwanza.