Namba Iliyokaliwa

Saa 3:10 asubuhi. Kilosa.

"Ijumaa wote wanakwenda msikitini," alisema Melkizedek. "Tajiri, karani, mlinzi. Mtaa unabaki na mbuzi."

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji ya baiskeli, karibu na stesheni. Kilinuka grisi. Sakafuni Melkizedek alikuwa amechora Mikumi kwa chaki: barabara kuu, gesti, na mbele ya gesti ofisi ya mnunuzi wa vito. Mawe mekundu yalikuwa kwenye stoo ya nyuma. Mguu wake wa kuku, bastola nyeusi, aliulaza juu ya chaki. Alikuwa mtu wa kutabasamu, na akitabasamu ndipo watu walipomwogopa zaidi.

"Fundi. Sema yako."

Teresia alisema. Kamera, kompyuta na simu za mezani za ofisi ile zote zilikuwa kwenye mtandao mmoja, na kila kifaa kina namba yake, kama nyumba za mtaa mmoja. Mtandao aliufunga yeye, enzi za kazi halali. Kama ilivyo desturi yake, namba moja aliiacha tupu, ya fundi. Kompyuta yake ikiivaa, hata akiwa gesti, kamera zinazimika na kufuli la umeme la stoo linafunguka.

"Ikikataa?" aliuliza Doto, mtu wa mabavu, shingo nene, maneno machache.

"Haikatai. Haina mwenyewe."

Hakusema ni namba ipi, na Melkizedek hakuuliza. Aliyeijua alikuwa mmoja tu: Beda, mdogo wake, aliyekaa juu ya ndoo na ufunguo wa gari kidoleni. Teresia ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Ndiye aliyemfundisha kazi, wakitambaa chini ya meza za ofisi kule Dumila. "Ukiikuta namba yetu imekaliwa," alimwambia siku hizo, "usibishane nayo. Kusanya vifaa uondoke. Maana yake yupo anayekusubiri." Beda akaja kupenda vya dezo, Melkizedek akampenda Beda. Dada akaingia kwenye genge ili amtoe. Damu nzito kuliko maji, lakini sasa walikuwa wawili ndani, na mlango Melkizedek ameusimamia.

Tangu Jumatano jioni simu zao zote zilikuwa mfukoni mwa Melkizedek, na Doto alilala mlangoni kwao. Ndugu hao hawakuwa wameongea peke yao hata mara moja. Asubuhi hiyo Beda alimmiminia dada yake chai, akaimwaga mezani.

"Nini wewe?"

"Hamna kitu, dada. Kunywa."

Saa 4:30 waliondoka. Walipita kijiji cha Ulaya, ile ya Kilosa, ambayo mtu huingia bila pasipoti. Hakuna aliyetania.

Saa 6:48 mchana. Mikumi.

Teresia alikaa kitandani gesti, kompyuta magotini. Nje, wanaume wenye kanzu walikuwa wakiishilizia mtaani kuelekea msikitini. Aliandika namba yake. Sabini na saba.

Ikakataa. Anwani hii inatumika.

Aliandika tena, polepole. Ikakataa tena. Akautazama mtandao kujua nani amekalia kiti chake. Ilikuwa simu ya mezani, ya mapokezi. Simu hazichukui namba ile zenyewe. Lazima mtu azipe kwa mkono.

Jumatano Beda alitumwa pale na mkoba wa vifaa, ajifanye fundi wa simu, aangalie milango. Alirudi jioni, hakula.

Teresia alisogeza pazia. Mbele ya geti la ofisi alikaa muuza machungwa ambaye hakuwa amemenya hata moja. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimeng'arishwa vikang'aa.

Basi Beda alikwenda polisi. Na kwa kuwa hakuweza kumwambia, aliikalisha simu kwenye namba yao, ajue, akimbie. Machozi yakamtoka. Hakuwahi kujua kama yule kijana alikuwa akisikiliza kule chini ya meza.

Nyuma ya gesti kulikuwa na uchochoro, na baada ya uchochoro barabara kuu na mabasi ya Morogoro. Angeweza. Lakini mtego ukifyatuka, Melkizedek atatafuta nani hayupo. Asiyekuwepo ndiye aliyewachoma kwa polisi, na mdogo wa aliyewachoma atakuwa ameketi pembeni ya bastola yake.

Doto aligonga. "Mkuu anauliza."

"Mwambie kamera zimelala. Nakuja nanyi."

"Si ulikuwa unabaki?"

"Kufuli linataka mkono wangu."

Saa 6:57.

Beda alimwona kwenye kioo akiingia kiti cha nyuma. Uso ukamsawajika.

"Dada, wewe baki."

"Endesha," alisema Melkizedek kutoka kiti cha mbele.

Gari lilivuka mtaa, likasimama getini. Doto alishuka, akasukuma geti. Muuza machungwa akasimama. Wengine wakatokea ndani, bunduki mikononi.

"Polisi! Lala chini!"

Doto akalala. Melkizedek hakushuka. Alikuwa akisikiliza kitu, kichwa ameinamisha. Injini ilikuwa kimya. Dereva wa wizi hazimi gari, na Beda alikuwa amelizima kabla geti halijafunguka.

Melkizedek akatabasamu. Bastola ikamgeukia Beda.

"Ni mimi," alisema Teresia. "Kamera hazijalala hata moja. Nimekudanganya, Melki. Ni mimi."

Melkizedek akageuka nayo nyuma. Risasi ikampata Teresia chini ya mbavu. Milango ikavunjwa, Melkizedek akaburutwa nje kwa miguu.

Askari alimvisha Beda pingu mkono mmoja. Ule mwingine alimwachia, Beda akaubana nao ubavu wa dada yake. Damu ilipita kati ya vidole. Kutoka msikitini sauti ya hotuba iliendelea, ya taratibu.

"Nilikuwekea ile simu," Beda alilia. "Nilikuwekea ili ukimbie. Hukuiona?"

"Niliiona," alisema Teresia.