Hasira za Kinyozi

—Rudi nyumbani, mwanangu. Mumeo hana ubaya, ni hasira tu zinamzidi nguvu.

Mama mkwe alisema hivyo kwa upole, wameketi kwenye benchi la saluni wakisubiri kinyozi amalize kumnyoa mteja. Bibie alikuwa amehamia kwa dada yake tangu alipopigwa. Jicho lilishapona, ubavu bado.

—Nampenda, mama. Ndiyo shida yangu.

—Basi! Na yeye anakupenda, ndiyo maana wivu unampanda. Ukimjibu, unamchokoza.

Bibie akafuta machozi. Moyoni alishakubali kurudi, na nguo zake zote zilikuwa kwenye begi pale miguuni.

Mara mteja akajitazama kwenye kioo, akaruka kitini.

—We mpumbavu! Ndevu gani hizi? Kazi umejifunzia jalalani?

Akamsukuma kinyozi kifuani. Bibie akafumba macho, maana alijua kinachofuata.

Hakikufuata kitu.

—Samahani bosi wangu, kaa nikuweke sawa.

Kinyozi alikuwa anatabasamu! Akabadilisha wembe, akaupitisha taratibu kooni kwa mteja. Mkono haukutikisika hata kidogo.

—Mama, umeona? bibie akanong'ona.

—Nimeona nini?

—Katukanwa, kasukumwa, na wembe anao mkononi. Hasira zimekwenda wapi?

Mama mkwe akaukodolea macho ule wembe.

Mteja alipoondoka, kinyozi akageuka mbio.

—Mke wangu! Nisamehe. Siku ile sikujijua, nilipandwa na shetani.

—Leo yuko likizo?

Tabasamu likayeyuka.

—Unanijibu hivyo mbele ya mama?

Akainua mkono. Mama mkwe akajitupa katikati.

—Haya, nipige mimi!

Mkono ukashuka palepale.

—Kumbe unaweza kuushusha, mama akasema. Na mimi kila siku namwambia mtoto wa watu avumilie. Nisamehe, mwanangu.

—Mama, haya ni mambo ya ndani...

—Ndani huko ndiko unakomuumizia!

Akamshika mkwewe mkono, wakatoka. Bibie alilia njia nzima. Bado alimpenda yule mwanaume, jamani, mapenzi hayazimwi kama taa. Lakini miguu haikusimama mpaka kituo cha polisi.

Askari alimsikiliza, kisha akauliza:

—Una shahidi?

Nyuma ya bibie sauti ikajibu:

—Mimi hapa.

—Wewe ni nani kwake?

—Mimi ni mama mzazi wa huyo aliyempiga.