Chupa ya Mama na Barua Nne

— Inua leso nikuone.

Nyangi alisimama katikati ya jikoni, mikono miwili imebana leso kifuani.

— Mama, moshi umejaa humu. Twende nje.

— Nje kuna baba yako. Inua.

Akainua. Kezia, mama wa watoto watano, aliyekuwa ameshika mikono ya nusu ya wanawake wa Kegonga wakijifungua, hakuhitaji kutazama mara mbili. Akakaa juu ya kuni.

— Miezi?

— Mitatu na kidogo.

— Ya nani?

— Nashon.

Kezia alikuwa amelisikia jina hilo mara nyingi mno tangu binti arudi kutoka Homa Bay; lilitosha kumweleza habari yote. Huo ulikuwa mwaka wa 1966. Nyangi alikuwa amepelekwa Homa Bay kujifunza kushona, msichana wa kwanza wa Kikuria kutoka kijiji kile kwenda mbali hivyo kwa ajili ya sindano. Siku moja mwalimu wake alimtuma kwenye kiwanda cha pamba, karibu na gati ya meli, akaombe mabaki ya kujazia mito. Karani wa mizani alikuwa Nashon, Mjaluo mrefu mwenye nyuzi za pamba kwenye nywele kama mzee wa miaka sabini. Alimpa gunia zima. Wiki iliyofuata Nyangi alirudi kuomba mengine, na hakukuwa na mto wa kujaza.

Kezia hakumpiga mtoto wake wala hakupiga kelele. Alichoogopa ni maneno ya mumewe. Miaka miwili nyuma, binti wa jirani alipopata mimba nyumbani, Mzee Mniko alisema mbele ya wanaume wenzake kwamba kwake msichana wa namna hiyo angetoka kwa mlango wa ng'ombe, na mlango ungefungwa nyuma yake kwa miiba. Kezia alikuwa anapita na uji. Aliyasikia yote, na tangu siku hiyo miiba ile ilikuwa imemkaa moyoni.

— Huyo kijana anajua?

— Nimemwandikia. Atajibu, mama. Namjua.

Sasa ujue jinsi barua zilivyofika Kegonga siku zile. Zilikuja kwa sanduku la misheni. Mzee wa kanisa, Cephas, alizikusanya kwenye mfuko wa ngozi mpaka Sabato, na wimbo wa mwisho ukiisha alisimama mlangoni akaita majina. Mwenye jina aliinua mkono. Kama hayupo, ndugu yake yeyote aliinua akapewa. Hakuna aliyeona ubaya hapo.

Kezia alimkataza Nyangi kwenda kanisani. Alimwambia macho ya akina mama wa pale yanapima kiuno kuliko mizani ya pamba. Basi akaenda peke yake, Cephas akaita jina la Nyangi, na Kezia akainua mkono.

Aliifungua barua katikati ya shamba la wimbi, na kwa kisomo chake cha darasa la nne aliisoma polepole.

"Nyangi. Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Sina nyumba, na kazi yangu ni ya msimu. Nasikia kuna mama mmoja huko Oyugis anayeondoa mambo kama haya. Fikiria. Nashon."

Kezia alimchukia kijana huyo, na saa ile ile akakubaliana naye. Aliikunja barua, akaizika chini ya wimbi kwenye kapu kubwa la nafaka. Sabato iliyofuata ilikuja ya pili, kisha ya tatu. Hizo hakuzifungua. Alijiona ameshajua yaliyomo.

— Hakuna barua? Nyangi aliuliza kila Sabato, amesimama mlangoni tangu saa sita.

— Hakuna, mwanangu.

Katikati ya wiki hizo Kezia alipanda basi mpaka Migori. Nyuma ya kinu cha mahindi kulikuwa na mama mmoja mwenye chupa nyingi, akamtolea moja yenye dawa nyeusi. Kikombe kimoja, tumbo tupu, na mdomo ufungwe. Kezia alimuuliza kama kuna aliyewahi kufa kwa dawa hiyo. Yule mama alifuta chupa kwa kitambaa, akasema waliokufa siku zao zilikuwa zimefika. Kezia alisikia vizuri maneno hayo, na bado aliibeba chupa. Hofu inamfanya mzazi asikie na asisikie. Aliificha ndani ya chungu cha unga.

Lakini Migori ni soko, na soko lina macho. Siku ya tatu, habari ya chupa ikiwa imeshamfikia, alikuja Wegesa, mjane wa boma la ng'ambo ya mto. Wegesa alikuwa amezaa mabinti watupu, wote wameolewa, na boma lake halikuwa na mrithi. Kwa desturi ya Wakuria, mama kama huyo anaweza kutoa ng'ombe akamwoa msichana, na watoto wa msichana wakawa watoto wa nyumba yake. Alikaa jikoni, akakataa uji, akasema alichokuja nacho. Alimtaka Nyangi pamoja na tumbo lake. Mtoto angepata jina na ukoo, na hakuna ambaye angeuliza baba ni nani.

— Mama Wegesa, sisi ni watu wa kanisa, alisema Kezia. Kwetu hiyo ni dhambi.

— Na hiyo chupa inayochungulia kwenye unga, kanisa inaiitaje?

Wegesa akasimama, akajifunga leso vizuri.

— Sikukuja kukuchongea. Wewe unaogopa mtoto huyu atakuja. Mimi nimeogopa miaka thelathini kwamba hatakuja. Mwambie msichana, achague mwenyewe.

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Nyangi alikuwa nyuma ya ghala, karibu na jikoni, akipepeta wimbi, na ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake tangu neno la kwanza. Aliingia jikoni, akaingiza mkono kwenye chungu, akaitoa chupa nyeupe kwa unga. Kezia alianza kueleza haraka haraka, habari za miiba, za baba, za aibu, za mafundi wa kushona ambao hawataajiri mwenye mtoto mgongoni. Nyangi alisubiri amalize.

— Mama, mimi sijui. Kuna siku naamka nataka iondoke, nirudi kwa cherehani yangu kama vile hakuna kitu. Kuna siku naamka nikiwa nimeshamshonea kofia. Usiniulize ni ipi ya kweli, zote ni zangu. Lakini nikinywa, nitakunywa kwa sababu nimetaka, si kwa sababu baba ana miiba.

— Unataka nini basi?

— Niende Sabato niombe. Kama hakuna barua ya Nashon, nitarudi, na tutazungumza habari ya hii chupa.

Kezia angemkataliaje mtoto kwenda kuomba? Siku ile alimfunga leso tatu, akamweka benchi la nyuma, akakaa karibu naye kama askari. Mahubiri yalipita bila yeye kusikia hata neno moja. Wimbo wa mwisho ukaisha. Cephas akasimama mlangoni, akatia mkono kwenye mfuko.

— Nyangi, binti Mniko.

Mikono miwili ikapanda kwa pamoja.

Watu waligeuka. Cephas alitazama mkono wa mama, akatazama mkono wa binti, akatabasamu, maana hakujua anachovunja.

— Mama Nyangi, leo pumzisha mkono, mwenyewe amekuja. Binti, huyu mtu wako hachoki. Hii ni ya nne.

— Ya nne? alisema Nyangi.

— Ya nne. Nimeziita kwa mdomo wangu.

Nyangi alipokea barua, akapita katikati ya watu bila kumtazama mama yake. Walitembea mpaka nyumbani, mmoja mbele, mwingine hatua ishirini nyuma, na Kezia alihisi hatua hizo ishirini ni kama safari ya kwenda Homa Bay kwa miguu. Jikoni, Nyangi alinyoosha mkono.

— Zilete.

Kezia alichimba wimbi, akazitoa. Mbili zilikuwa bado zimefungwa.

— Soma ya kwanza ndipo unihukumu.

Nyangi alisoma ya kwanza. Alikaa chini. Muda mrefu alikuwa akilitazama jina Oyugis. Kisha akafungua ya pili, akaisoma kwa sauti:

"Ile barua niliandika kwa woga, mkono ulikuwa wangu lakini akili haikuwapo. Kama umeshaenda Oyugis, sitakuhukumu, nitalia tu. Kama hujaenda, usiende kwa sababu yangu."

Ya tatu ilisema amemweleza mama yake, Phelesia. Siku mbili mama huyo hakula. Siku ya tatu alichukua ufagio akaanza kufagia simba ya Nashon, ile nyumba ndogo ya kijana kwenye lango, akaipaka udongo upya bila kusema neno. Ya nne ilikuwa mistari miwili: "Jumatano nitakuwa Migori, basi ya Kegonga inaposimama. Usipokuja nitajua umechagua, na nitakuheshimu."

— Mama, alisema Nyangi. Ungeniacha ninywe, na hizi ziko ndani ya wimbi?

Kezia alitoka nje na ile chupa, akaimwaga yote juu ya maganda ya viazi nyuma ya jikoni.

Alikuwa amesahau mbuzi.

Kabla jua halijatua, mbuzi jike alikuwa amelala ubavu akitupa miguu, povu kwenye midomo. Asubuhi alikuwa amekauka. Mniko alimgeuza, akamchunguza, akasema ni nyoka, na nusu ya siku alipiga nyasi kwa fimbo akimtafuta. Kezia alisimama mlangoni. Alimtazama mbuzi, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa ameketi juani akinywa uji. Akaingia ndani, akafanya kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu.

Jumatano walishuka basi Migori, mama na binti. Nashon alikuwa amesimama pale, amekonda, shati limepigwa pasi, na nyuzi za pamba bado kichwani. Alipomwona Nyangi alipiga hatua tatu mbio, kisha akasimama ghafla kwa sababu Nyangi alikuwa ametoa barua ya kwanza. Nyangi aliisoma yote kwa sauti mbele yake, katikati ya wanaouza miwa. Nashon hakuinamisha uso.

— Niliandika, alisema. Siwezi kusema siyo mimi.

— Kegonga kuna mama mjane anayenitaka mimi na mtoto, bila swali. Ana boma, ana ng'ombe, ana shamba. Wewe una nini?

— Simba moja iliyopakwa udongo. Kazi ya msimu. Na yule pale.

Alionyesha kibaraza cha fundi cherehani. Mama mmoja mnene alikuwa ameketi na kikapu, amewageuzia mgongo kwa adabu ili wamalize maneno yao. Alipoitwa, Phelesia alikuja polepole, akamtazama Nyangi toka kichwani mpaka miguuni.

— Nyathina, alisema, mwanangu. Umekula?

Hapo Nyangi, ambaye hakuwa amelia hata siku moja, alilia mpaka wauza miwa wakatazama kando. Nashon alimshika mkono, na Nyangi akauacha mkono wake pale.

Jioni hiyo hiyo wanne hao walikuwa mbele ya Mniko. Nashon alitaka kuanza, Kezia akamzuia. Alisema yeye mwenyewe: mimba, barua, wimbi. Chupa akairuka. Mniko alikuna goti.

— Na kwa nini mimi ni wa mwisho kujua?

— Ulisema miiba, Baba Nyangi.

— Niliyasema mbele ya wanaume. Mwanamume husema mengi mbele ya wanaume. Alimgeukia binti yake, na sauti yake ikashuka. Ulifikiri ningekufungia mlango?

— Ndiyo, baba.

Neno hilo lilimchoma, kila mtu aliona. Akatafuta mahali pa kuelekeza hasira, akampata Nashon. Akasema Wajaluo hawatahiri, na kwa Mkuria mtu wa namna hiyo, hata awe na ndevu, bado ni mtoto. Yeye atampaje mtoto binti yake?

— Baba, alisema Phelesia taratibu, mtoto huyu amempaje binti yako mimba?

Mniko akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na kikao kikawa cha posa.

Maneno hayakuisha hapo. Kanisani wengine walisema mwenye tumbo asivae shela, wengine wakasema wangefanya vibaya zaidi kumkataa. Mwishowe ndoa ilifungwa Homa Bay mbele ya DC, mkuu wa wilaya, na Cephas mwenyewe akaja kuomba dua. Wegesa alisafiri na kuku wawili na kulalamika kwa kila mtu kwamba amenyang'anywa bibi mchana kweupe. Nyangi alimwambia mtoto akiwa wa kike ataitwa Wegesa. Mjane akafuta macho kwa kona ya leso.

Wakati wa chakula Nyangi alimkuta mama yake peke yake, amekaa akitazama meli gatini.

— Mama, yule mbuzi. Baba alimpata nyoka?

Kezia hakugeuka.

— Hakukuwa na nyoka.

Nyangi aliweka mkono juu ya tumbo.

— Ulikuwa umenitengea kikombe gani?

— Kile chako cha bluu.

— Kiko wapi?

— Nilikivunja siku ile ile. Nikakisaga kwa jiwe.

Nyangi alikaa karibu naye, bega kwa bega, mpaka meli ikapiga honi. Hakusema amesamehe, lakini hakuondoka. Na tangu siku ile, barua ya mtoto wake yeyote ikiitwa kanisani Kegonga na mwenyewe hayupo, mkono wa Kezia hukaa chini.