Chiriku na Kiatu cha Babu Dereva

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, Chiriku alikuwa ameshafika karakana. Alivaa aproni, akafuta vumbi la plasta mezani, akapanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha akabandika birika la chai. Karakana ile ilitengeneza miguu ya bandia. Mgeni akiingia ghafla alishtuka, maana miguu ilining'inia ukutani kana kwamba wenyewe wameivua wakaenda kulala.

Chiriku halikuwa jina la kwenye vyeti. Bibi yake ndiye aliyempa, kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na chuo chake cha ufundi kilikuwa kimempeleka nchi ya mbali kujifunza kazi kwa miezi sita. Mwezi wa kwanza alilia, maana lugha ya watu haina huruma. Mwezi wa pili akaweza kununua mkate bila kuonyesha kwa kidole. Ulipofika mwezi wa tatu, alikuwa akitaniana na kila mtu, hasa Msumari, fundi mrefu mwembamba wa meza ya pili.

"Chiriku, hii chai umetia sukari au umeipungia sukari mkono tu?"

"Ukitaka iwe tamu zaidi, Msumari, inywe huku unatabasamu."

Wiki hiyo fundi mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimkabidhi Chiriku mteja wake wa kwanza wa kupima peke yake. Alikuwa mzee aliyeendesha treni miaka thelathini, kabla ugonjwa haujamlazimu kukatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Wote walimwita Babu Dereva.

"Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi," alisema. "Nimemwahidi nitamshika mkono nimwingize ukumbini, tena bila fimbo. Mguu huu wa zamani unanibana kama kiatu cha kuazima."

Chiriku alikuwa amelelewa kuwapokea wazee. Mara moja akapiga magoti, akamvua Babu viatu, akaviweka vizuri mlangoni. Kisha akapima kigutu, akapima goti, akapima na unyayo wa mguu mzima, huku wakicheka na kupiga soga. Babu akavaa mguu wake wa zamani na viatu vyake, akaaga, akaenda zake.

Ndipo Chiriku akaanza kujaza kadi. Alipofika mstari wa mwisho akasimamisha kalamu. *Urefu wa kisigino cha kiatu.* Kiatu hakukipima! Wakati huohuo fundi mkuu akapita nyuma yake.

"Mwanangu, na kisigino umepima?"

"Nimepima, Mama," Chiriku akajisikia akijibu. Akaandika: sentimita moja. Viatu vya wanaume si vyote ni hivyohivyo? Akajifariji, akafunga kadi.

Siku mbili zilipita, na mguu ukatengenezwa. Alhamisi mchana Msumari alikuwa akifunga unyayo kwa bolti.

"Unyayo huu ni wa kisigino cha sentimita moja," aliwaeleza waliokuwa karibu. "Mtu akiuvisha kiatu cha kisigino kirefu zaidi, mguu unamsukuma mbele, goti linakunjika, halafu puu! Kifudifudi!" Akaigiza kuanguka, mikono hewani. Karakana nzima ikacheka.

Chiriku hakucheka.

"Vipi, Chiriku, umemeza funguo?" Msumari akamuuliza.

Mawazoni Chiriku alimwona Babu Dereva akianguka mbele ya wageni wote, bibi harusi mkononi. Akavua aproni, akaenda kwenye meza ya fundi mkuu. Alijua kwamba huyo mama ndiye angeandika barua kwa chuo, na kwamba kwa barua moja angeweza kurudishwa nyumbani kabla ya wakati.

"Mama, nimekudanganya. Kisigino sikukipima. Ile namba niliibuni."

Fundi mkuu akaweka penseli chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza, Mama. Lakini Babu angeanguka."

Fundi mkuu akafungua droo. "Chukua rula uende kwake. Na sababu ya kwenda umwambie mwenyewe. Hilo sikufanyii."

Babu aliishi mtaa wa pili. Alisikiliza maneno yote akiwa amesimama mlangoni, amekunja uso. Chiriku alipomaliza, mzee akatikisa kichwa.

"Miaka thelathini nimeendesha treni, halikupinduka hata behewa moja. Leo wewe, binti mdogo, ulitaka kunipindua kwa mguu mmoja!"

"Nisamehe, Babu."

"Nimeshakusamehe. Pima upesi kabla sijabadili mawazo."

Akaleta viatu vya harusi, vyeusi, vinang'aa kama kioo. Kisigino: sentimita tatu.

Chiriku alirudi mbio. Alilegeza bolti, akatoa unyayo, akatafuta mwingine stoo, akaufunga upya, akapima mara tatu. Msumari alibaki kumsaidia mpaka saa kumi na moja jioni, ingawa alilalamika kutoka bolti ya kwanza hadi ya mwisho.

Ijumaa Babu Dereva alikuja na suti yake na viatu vyake. Alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikia. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akaachia mkono wa kulia, akaachia na wa kushoto, akafika mwisho, akageuka bila kuyumba.

"Treni imeingia stesheni!" akapaza sauti.

Watu wakapiga makofi. Babu akamnyooshea Chiriku mkono. "Njoo uwe bibi harusi wangu wa mazoezi." Wakatembea kwa madaha karakana nzima, kutoka mlangoni hadi kwenye sinki la plasta, huku Msumari akipuliza karatasi aliyoikunja kama tarumbeta.

Babu alipoaga, fundi mkuu alimwita Chiriku dirishani.

"Mwanangu, kusahau kupo. Hata mimi niliwahi kumtengenezea mtu mguu wa kulia, kumbe anahitaji wa kushoto." Chiriku akaangua kicheko, na mama yule akacheka pia. "Lakini namba ya kubuni ni uongo, hata ikiandikwa kwa mwandiko mzuri. Ukisahau, sema umesahau, halafu rudi ukapime. Katika barua ya chuo nitaandika kwamba ulikosea, ukasema, ukarekebisha. Fundi wa namna hiyo hata mguu wa mama yangu mzazi ningempa atengeneze."

Kisha akanyoosha kidole nje. Babu Dereva alikuwa akishuka ngazi za mbele, mkono mmoja mfukoni, anapiga mluzi.

"Mtazame," akasema. "Kila hatua, anakanyaga ile namba uliyorudi kuipima."